Chuma ndani ya muundi

Wasomaji wa blogu hii mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu seva zilizokwama na misimbo ya PHP iliyoandikwa na watu waliokwisha kuacha kazi. Leo mniwie radhi, nazungumzia mifupa. Ndani ya mguu wangu wa kulia, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, kuna fimbo ya chuma yenye urefu wa sentimita 32 na unene wa milimita 9. Imekaa humo tangu Juni 2021. Watu wakisikia hivyo swali la kwanza huwa ni kama kengele za uwanja wa ndege hulia nikipita. Sijazisikia bado, lakini nimepanda ndege mara mbili tu, kwa hivyo msinitegemee sana. Swali wasiloniuliza, na ambalo kwangu ndilo tamu, ni hili: hiyo fimbo inafanya kazi gani hasa? Maana haiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe.

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Nilikuwa nyuma ya bodaboda mjini Nakuru, jioni, natoka kwa mteja wa sacco ambaye namtengenezea mfumo wa mikopo. Matatu ikakata kona bila ishara. Mwenye pikipiki alichubuka viwiko, mguu wangu ukanaswa kati ya pikipiki na bampa. Mfupa wa muundi ukavunjika katikati, na ule mwembamba wa pembeni nao ukavunjika. Ngozi haikupasuka. Wakati ule sikujua kwamba hilo la mwisho ndilo lililokuwa bahati yangu kubwa kuliko yote.

Hospitalini walininyoosha mguu, wakaufunga plasta ya upande mmoja tu, ile ya nyuma, na kuuinua juu ya mto. Niliuliza kwa nini hawafungi plasta nzima wakamaliza kazi. Muuguzi akanijibu kwamba mguu bado utavimba, na plasta nzima haina pa kupanukia. Usiku kucha alikuja na tochi kuniambia nichezeshe vidole vya mguu, kisha anavivuta mwenyewe na kuniuliza naumwa kiasi gani. Nilidhani ananionea. Baadaye daktari alinieleza: misuli ya muundi imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyonyooka. Damu ikivujia humo shinikizo hupanda, mishipa midogo hubanwa, na msuli unaweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Dalili ya mapema ni maumivu makali kupita kiasi vidole vinapovutwa. Dawa yake si kidonge, ni kisu: hupasua ile mifuko ili shinikizo litoke. Tangu siku hiyo yule muuguzi wa tochi namheshimu kuliko mtu yeyote anayelinda seva usiku.

Mama alipanda basi la usiku kutoka Mombasa na asubuhi alikuwa kando ya kitanda. Simu ya mjomba ilifika kabla hajakaa vizuri. Mjomba alikuwa na ujumbe mmoja: nisikubali kukatwa. Kuna mzee anamjua huko Kilifi, anaunga mifupa kwa mafuta na mabanzi, amewaunga watu wasiohesabika, na hatozi hata robo ya hospitali. "Mwanangu," Mama akasema baada ya kukata simu, "mjomba wako hasemi upuuzi. Mimi mwenyewe mkono wangu uliungwa na mzee kama huyo nikiwa msichana." Akaukunja na kuukunjua mkono mbele yangu ili nione. Haukuwa na kasoro.

Hapa ndipo watu wa teknolojia tunapenda kucheka, nami sitacheka. Lugha yetu yenyewe inajua jambo hili tangu zamani. Gango ni kitu kinachoshikanisha vilivyoachana, kuganga ni kuunga na kutibu, na mganga anatoka humo humo. Na mkono wa Mama kweli ulipona, kwa sababu mifupa mingi ikirudishwa mahali pake na kutulizwa hupona, iwe aliyeituliza amevaa koti jeupe au kanzu. Shida huanza mfupa unapokataa kukaa mahali pake, au jeraha linapokuwa wazi, au kitambaa kinapokazwa juu ya mguu unaovimba. Mabanzi yaliyokazwa kwenye mguu unaovimba hufanya kazi ile ile ambayo plasta nzima ingefanya, na hakuna anayekuja na tochi kuuliza kuhusu vidole. Wodi za mifupa za nchi yetu zinawajua wagonjwa wanaofika na miguu iliyokuwa imevunjika tu, ikawa ya kukatwa.

Nilimwomba Mama anipe siku mbili. Alikubali kwa shingo upande.

Siku mbili zikawa nne, maana foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu na fedha nazo zilikuwa na maneno. Wakati huo bima ya taifa ilikuwa bado NHIF (SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024), nayo ingelipa sehemu ya upasuaji. Chuma ndicho kilichoniumiza kichwa. Kwa kawaida mgonjwa hununua fimbo na skrubu zake, na bei yake inaweza kuzidi mshahara wa miezi kadhaa wa watu wengi. Kisha daktari akaja na habari iliyonikalisha kitako kitandani. Hospitali ile ilikuwa na fimbo zisizolipiwa na mgonjwa. Zinatoka kwa shirika liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 mjini Richland, jimbo la Washington, Marekani, na daktari wa mifupa Lewis Zirkle, aliyewahi kuhudumu kama daktari wa jeshi katika vita vya Vietnam.

Sasa hapa naomba mwanaprogramu mwenzangu akae vizuri, maana huu ni uhandisi wa kupendeza.

Fimbo ya ndani ya mfupa si kitu kipya. Mjerumani Gerhard Küntscher aliitia ndani ya paja la mgonjwa mjini Kiel mwaka 1939, na vita vilipokwisha madaktari wa Uingereza na Marekani walishangaa kuona kwenye eksirei za mateka waliorudi nyumbani vyuma vilivyolala ndani ya mapaja. Wazo ni rahisi: mfupa mrefu una tundu katikati lenye uboho, basi pitisha chuma humo, mgonjwa asimame mapema badala ya kulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mizigo. Kasoro ilikuwa kwamba vipande vya mfupa vingeweza kuzunguka au kuteleza juu ya fimbo. Baadaye wakaitoboa fimbo juu na chini na kupitisha skrubu kutoka pembeni, mfupa na fimbo vikashikana.

Lakini unalipataje tundu la skrubu lililo ndani ya mfupa, ndani ya nyama, sentimita 30 kutoka mahali uliposhika fimbo? Kwenye hospitali tajiri wana mashine ya eksirei inayoonyesha picha hai kwenye skrini wakati wa upasuaji. Mashine hiyo ni ghali, huharibika, na hutaka umeme usiokatika. SIGN hawakukaa kungoja kila wilaya ipate moja. Walitengeneza fimbo isiyo na uwazi ndani, ngumu, isiyopinda ovyo inapoingia, na badala ya matundu ya duara upande wa mbali wakaweka nafasi ndefu. Kisha kuna mkono wa chuma unaofungwa juu ya fimbo kwa nje, wenye matundu yaliyopimwa yaoane na yale ya ndani. Daktari anatoboa mfupa kupitia huo mkono, anaingiza kijiti cha kupapasia, na anahisi kwa vidole kama kimeingia kwenye nafasi ya fimbo. Kupanua njia ndani ya mfupa nako hufanywa kwa mkono, bila drili ya umeme. Yaani wameondoa kitegemezi kizima kwenye mfumo, na upasuaji unakwenda.

La pili ni hili. Daktari akishafanya upasuaji huandika taarifa ya mgonjwa, bila jina lake, kwenye hifadhidata ya shirika mtandaoni, pamoja na picha za eksirei, na shirika hujaza tena akiba ya hospitali kulingana na taarifa hizo. Madaktari wenzake hutazama picha na kutoa maoni. Kwa njia hiyo wanapata kumbukumbu za mifupa iliyovunjika katika nchi ambazo zamani hakuna aliyehesabu. Si programu huria, msinielewe vibaya, lakini tabia yake naifahamu: ukitumia, rudisha taarifa.

Nilikatwa siku ya tano. Walinidunga sindano ya mgongo, kwa hivyo kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa sina habari, lakini masikio yalifanya kazi. Nilisikia nyundo. Nilihisi kitanda kikitikisika wakati daktari akizungusha keekee ya mkono ndani ya mfupa wangu, na alikuwa akihesabu milimita kwa sauti kama fundi wa mbao: saba, nane, tisa, kumi. Fimbo iliingia kupitia mkato mdogo chini ya pia ya goti. Pale mfupa ulipovunjika hawakufungua kabisa, na hilo si uvivu, nitalieleza. Kesho yake mtaalamu wa mazoezi akanipa magongo akaniambia nisimame. Mama alitazama mlango kana kwamba anatafuta polisi.

Kitanda cha pili alikuwepo kijana mwendesha bodaboda, umri wake haukufika miaka 25. Mfupa wake ulikuwa umevunjika mahali pale pale kama wangu, ila wake ulitoboa ngozi. Mahali alipopelekwa kwanza walishona jeraha juu juu wakamfunga, akakaa siku mbili kabla ya kupata rufaa. Muundi una ubaya huu: upande wa mbele hakuna nyama, ni ngozi juu ya mfupa, na nyama ndiyo huleta damu. Mfupa ukitoka nje na kugusa barabara, saa zinaanza kuhesabiwa. Dawa ya kuua bakteria inatakiwa mshipani mapema iwezekanavyo, ndani ya saa moja ikiwezekana, kisha jeraha lifunguliwe, lioshwe kwa maji mengi, na kila kilichokufa kikatwe na kutupwa. Kushona juu ya uchafu ni kufungia mwizi ndani ya nyumba. Mimi nilitoka baada ya siku nane. Yeye nilimwacha akiwa na fremu ya chuma nje ya mguu, pini zikipenya ngozi, akingoja usaha ukauke.

Haya, sasa mfupa wenyewe.

Ngozi ikipona huacha kovu. Msuli pia. Mfupa hupona kwa mfupa, na ukipewa muda hata eksirei hupata taabu kuonyesha ulipovunjika. Kwanza damu hujaa kwenye ufa na kuganda. Ule uvimbe na joto la siku za mwanzo, ambavyo sote huvichukia, ndio mwito: seli za kusafisha huja, mishipa mipya ya damu huchipua, na donge lile la damu ndiyo mbegu ya kazi yote. Ndiyo maana daktari hakutaka kufungua pale na kuliosha. Wiki ya pili na ya tatu panajaa kitu laini, nyuzi na gegedu, kama lile la sikioni. Baadaye gegedu hutiwa madini, huliwa, na mahali pake hujengwa mfupa wa haraka haraka usio na mpangilio. Hilo ndilo fundo unaloliona kwenye picha kama wingu jeupe kuzunguka ufa. Mwisho, kwa miezi na miaka, seli zinazokula mfupa na seli zinazojenga mfupa hufuatana, zikipunguza pasipobeba uzito na kuongeza panapobeba.

Kwa nini mwili upitie gegedu, usijenge mfupa moja kwa moja? Nilikaa na swali hili wiki mbili nikiwa nimeinua mguu juu ya kiti, na jibu nililipata kwa Stephan Perren, mtafiti wa Uswisi. Ni hesabu ya darasa la nane. Chukua ufa wa milimita moja, na mguu ukichezacheza kwa milimita 0.3. Kitu chochote kilichoko ndani ya ufa kitanyooshwa kwa asilimia 30. Mfupa hauvumilii zaidi ya asilimia 2 hivi, ukizidisha unakatika. Gegedu huvumilia kufika 10. Ile tishu laini ya mwanzo yaweza kunyooshwa hadi karibu mara mbili ya urefu wake. Kwa hiyo mwili hufanya jambo linaloonekana la kijinga: unakula kwanza ncha za mfupa, ufa unapanuka. Lakini ufa ukiwa milimita 3 na mchezo ukibaki 0.3, sasa ni asilimia 10, na gegedu linaweza kuishi humo. Gegedu likikaa, mchezo unapungua. Mchezo ukipungua, mfupa unaweza kuota. Kila hatua inatengeneza mazingira ya hatua inayofuata.

Na lile fundo la nje, mbona nene kuliko mfupa wenyewe? Fundi wa mabomba atakwambia. Fimbo ukiiongezea kipenyo mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16. Mwili unatumia kitu dhaifu lakini unakiweka mbali na katikati, pale kinapofaa zaidi. Sijui nani alimfundisha.

Madaktari wenyewe walichelewa kuliheshimu fundo hilo. Mwaka 1958 madaktari 13 wa Uswisi walianzisha kundi la AO, wakatengeneza bamba na skrubu za kubana mfupa hadi usicheze hata kidogo. Mfupa ukibanwa hivyo hupona bila fundo kabisa, seli zikitoboa njia kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na kwa miaka mingi fundo kwenye picha lilionekana kama alama ya kazi mbovu. Kwa mfupa unaoingia kwenye kiungo, kama goti, njia hiyo bado ndiyo sahihi, maana pale unataka uso laini uliorudi barabara. Kwa katikati ya mfupa mrefu wamerudi nyuma. Kuchezacheza kidogo kunafaa. Fimbo yangu inaruhusu kidogo.

Ila kwangu mimi kidogo hakikutosha. Mwezi wa tano picha ilionyesha ufa bado ni mweusi, na wingu jeupe upande mmoja tu, hafifu. Nilikuwa bado na gongo moja. Mteja wa sacco alishanivumilia kiasi cha kutosha, na mjomba alinipigia simu kuniuliza kama sasa niko tayari kwenda Kilifi. Usiku nilifanya kosa wanalofanya wagonjwa wote, nikatafuta mtandaoni, nikakutana na picha za watu waliofunguliwa mara tatu na kupandikizwa mfupa wa nyonga.

Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. Hakuangalia muundi tu. Alinionyesha ule mfupa mwembamba wa pembeni, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Wenyewe ulishapona, umenyooka imara, na sasa unafanya kazi ya kigingi: unazuia ncha mbili za muundi zisikaribiane. Upande wa ndani, skrubu za juu na za chini nazo zinashikilia fimbo na mfupa kwa umbali ule ule. Nikikanyaga, uzito unapita kwenye chuma na ule mwembamba. Ufa haupati kitu. Akaniuliza kama navuta sigara, kwa kuwa moshi huchelewesha mifupa, nikasema hapana. Akasema, "Basi tutakutoa skrubu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mguu haujashika, halafu tunapunguza kinachoushika? Lakini ndiyo yenyewe. Ukitoa skrubu za upande mmoja, mfupa unaweza kuteleza kidogo sana juu ya fimbo, ncha zikagusana na kubanana kila hatua ninayopiga, huku fimbo ikizuia usipinde. Kama haikufaa, angenikata kipande cha ule mwembamba au kubadilisha fimbo kwa nene zaidi. Nimewahi kurekebisha programu kwa kufuta mistari badala ya kuongeza, na bado nilitetemeka. Mama, kwa mshangao wangu, ndiye aliyesema tukubali. "Huyu hajakudanganya mpaka sasa," alisema.

Ilichukua nusu saa, ganzi ya mahali pale tu, skrubu mbili za chini zikatoka kwenye bakuli la chuma zikilia kling. Niliambiwa nikanyage. Niliumwa wiki ya kwanza, maumivu ya aina nyingine, mazito. Mwezi wa nane picha ilionyesha mfupa umevuka ufa kwenye kuta tatu kati ya nne zinazohesabiwa, na madaktari wakiona tatu hukubali kwamba umeungana. Gongo nikampa jirani.

Yule kijana wa kitanda cha pili tunawasiliana kwa simu. Fremu ilikaa naye miezi 11. Mfupa umeungana, mguu umekuwa mfupi kwa sentimita mbili hivi, anavaa kiatu kilichoongezwa soli. Hapandi tena pikipiki ya abiria, anauza vipuri vyake.

Mimi goti huniuma mbele nikipiga magoti, jambo la kawaida kwa waliopitishiwa fimbo hapo, kwa hivyo kebo zilizoko chini ya meza siku hizi namtuma mtu mwingine azichomeke. Nimemwuliza daktari kama fimbo itolewe. Anasema inaweza kukaa maisha yote, na akiitoa hakuna hakika kwamba goti litaacha kuuma, na skrubu zikitoka matundu huacha mfupa ukiwa dhaifu kwa wiki kadhaa. Nimempa jibu la mwaka ujao. Zile skrubu mbili ziko kwenye droo yangu pamoja na kadi za kumbukumbu za rununu za zamani, na Mama kila akija Nakuru huzitoa na kuzitazama.